Saa Sita na Dakika Kumi

Jilala alikuwa bingwa wa uongo wa kuchekesha. Kwa maneno yake mwenyewe, enzi za machimbo kule Geita alichimba shimo refu mpaka akasikia watu wa upande wa pili wa dunia wakimpa shikamoo, akawaitikia marahaba, akapanda juu kunywa uji. Kijiji kizima cha Mwamigagani kilimjua hivyo na kilimpenda hivyo. Lakini alasiri ile ya mwezi wa pili, akiwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba yake, simu mkononi na jasho likimtiririka mgongoni, hakuwa na la kuongeza. Alichokiona kilitosha bila chumvi.

Kazi yake ilikuwa kulinda kamera. Ngitili ya kijiji, lile pori walilokubaliana kulifunga lisilishwe ng'ombe wala kukatwa kuni, na anayekutwa ndani atoe mbuzi, lilikuwa limepumzika miaka tisa na miti imerudi kwa fujo. Mradi ukataka kujua kama na wanyama wamerudi. Wakaja wataalamu, wakafunga kamera kumi na mbili kwenye magogo ya miti, vijisanduku vya rangi ya majani makavu. Kitu chochote chenye damu ya moto kikipita, kamera inapiga, mchana na usiku. Palipo na giza inatumia mwanga ambao jicho la mtu haliuoni, na picha inatoka nyeusi na nyeupe, ikiwa na saa na tarehe chini yake. Kila Jumatano Jilala alizunguka, akachomoa kadi, akaingiza kwenye simu, akamtumia picha Noela, yule binti mtaalamu wa Shinyanga mjini.

Noela alikuwa amemwachia masharti mawili. La kwanza, asiguse vitufe vya ndani ya kamera. La pili alilirudia mara tatu, kidole juu: "Baba Ignas, tunahesabu wanyama. Akitokea mtu kwenye picha, usimwonyeshe yeyote. Nitumie mimi, nitaifuta."

Mpaka siku ile picha zilikuwa za kawaida: kanga, nungunungu, mbuzi watoro, na majani yakipepea mia mbili kwa mkupuo. Jilala alizipitisha kwa kidole haraka haraka kama mtu anayepeta mchele. Kisha akafika kwenye fisi.

Fisi alikuwa amesimama ubavu, mgongo umeteremka, anaangalia kamera kama mtu aliyeitwa jina lake. Chini iliandikwa 23:50. Saa tano na dakika hamsini usiku. Jilala akasogeza picha.

Iliyofuata, mahali palepale, mti uleule, ilisomeka 00:10. Saa sita na dakika kumi. Na pale aliposimama fisi alikuwa amesimama jirani yake, Bibi Sesilia.

Hakukuwa na kumfananisha. Kibibi chenyewe, kimeinama, khanga imefungwa kifuani, mabega wazi. Macho yaling'aa meupe kama vifuniko vya soda. Mkononi alibeba kitu cheupe, cha mviringo, ukubwa wa kichwa cha mtoto.

Usukumani hakuna asiyejua fisi ni usafiri wa nani. Mtoto anayenyonya anajua. Jilala aliiweka simu chini kifudifudi, akaitazama kama vile ingeweza kugeuka yenyewe. Nyumba ya bibi yule ilikuwa hatua mia mbili kutoka hapo. Juzi tu bibi alimpitishia karanga, na Jilala akazila.

Angemtumia Noela, mambo yangeishia hapo. Lakini kuna hofu ambayo mtu hawezi kukaa nayo peke yake, kama vile huwezi kukaa peke yako na maiti. Jilala aliinuka, akatembea mpaka kibanda cha kahawa, akamkuta Benjamini.

Benjamini alikuwa fundi baiskeli, mtu mpole, ila mwaka uliopita alizika mtoto wa miaka minne kwa homa ya siku mbili, na tangu hapo upole wake ulikuwa na ufa. Alitazama picha muda mrefu bila kupepesa.

"Nitumie," akasema.

"Haitumwi, kaka. Masharti ya mradi."

"Kioo cha simu yako kimepasuka. Nitumie niitazame vizuri."

"Utaitazama tu?"

"Sasa nitaila?"

Jilala akaituma. Kabla ya jua kuzama picha ilikuwa imeshamrudia kwenye simu yake kutoka kwa watu wanne, bibi amezungushiwa duara jekundu, na chini yake maneno: MCHAWI WA MWAMIGAGANI NA FISI WAKE. Mmoja wa wale wanne alikuwa shemeji yake, mkaanga dagaa wa Nkome, huko ziwani.

*

Asubuhi filimbi za sungusungu, walinzi wa kijiji, zikalia. Watu wakakusanyika mbele ya ghala la pamba, wanaume mbele na marungu yao, wanawake nyuma, wamejifunika khanga mpaka midomo. Kamanda Maduhu, mzee mrefu mwenye sauti ya kukwaruza, alikaa kwenye kiti cha plastiki. Bibi Sesilia aliletwa katikati. Alikuwa mdogo sana mchana. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini macho ya bibi gani aliyepikia kinyesi cha ng'ombe na mabua kwa miaka hamsini si mekundu?

"Shikamooni," akasema bibi, akakosea kwa woga, kwa kuwa wengi pale walikuwa wajukuu zake.

Hakuna aliyeitika.

"Bibi," Maduhu akaanza, "jibu swali moja tu. Juma hili umeingia kwenye ngitili?"

Bibi akatazama chini. Midomo ikacheza. "Sijaingia."

Mnong'ono ukapita kama upepo kwenye mtama.

"Fikiri vizuri, mayu, mama yetu. Hujaingia kabisa?"

"Mguu wangu haujakanyaga huko tangu mlipofunga."

Ndipo Benjamini alipoinua simu yake, akazunguka nayo mstari wa kwanza, akiipitisha mbele ya kila uso. "Basi huyu ni nani? Eh? Huyu aliyebeba fuvu ni nani? Saa sita ya usiku!" Sauti ikampasuka. "Mwanangu alikuwa na kichwa kikubwa hivi hivi!"

Mwanamke mmoja akaangua kilio. Bibi Sesilia alisogezewa simu, akaitazama, na uso wake ukawa wa mtu aliyeonyeshwa kaburi lake limeshachimbwa.

Maduhu aliinua mkono. Akasema jambo ni zito, atawasiliana na wakubwa wa kata, mkutano utaendelea kesho saa nne. Watu wakatawanyika kimya mno. Jilala aliwasikia vijana wawili wakipita ubavuni mwake.

"Kesho?" mmoja akauliza.

"Kesho ya nani?" mwenzake akajibu.

Jilala akashika njia ya nyumbani. Aliijua kesho ya namna hiyo. Alikuwa na miaka kumi na moja walipompata shangazi yake, dada wa baba, mlangoni kwake, mkono mmoja umeshika kitasa na mwingine uko mbali kidogo. Kijiji kizima kilikuwepo na hakuna aliyeona. Kosa la shangazi lilikuwa macho mekundu na paka. Usiku wa kuamkia siku ile ndio alikuwa amemsukia Jilala kofia ya ukindu, na Jilala hakuwahi kuivaa.

*

Nyumbani mkewe hakumkaribisha. Mama Ignas alikuwa anachambua maharage, na kila harage bovu alilitupa kama jiwe.

"Lete simu."

"Ya nini?"

"Lete simu, Baba Ignas. Kijiji kizima kimeona picha moja. Mimi nataka kuziona zote."

Akafuta mikono, akaanza tangu mwanzo. Jilala alizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alikuwa anawaza shoka lake lilipo, akawaza kama mlango wa bibi una komeo la ndani, akakumbuka kwamba hauna, yeye mwenyewe alikuwa ameahidi kulitia tangu msimu wa kiangazi.

"Huyu nani?" mkewe akauliza.

Ilikuwa picha ya kwanza kabisa. Uso wa Jilala mwenyewe umejaa kioo kizima, pua kama viazi, meno nje, kofia imepinda, jua linamuwakia usoni mpaka amefumba jicho moja.

"Si ni mimi! Nilikuwa narudisha kamera kwenye mti."

"Ulikuwa unairudisha saa ngapi?"

"Asubuhi. Saa tatu hivi, baada ya chai."

"Basi soma hapa chini."

Jilala akasoma. 03:04.

"Saa tatu na dakika nne," akasema.

"Soma kama simu inavyosoma, mume wangu. Sifuri tatu ni saa ngapi kwenye simu?"

Kwenye simu sifuri tatu ni saa tisa ya usiku. Akaitazama tena picha: jua limewaka, kivuli chake kimelala kwenye majani, na chini imeandikwa saa tisa ya usiku.

"Saa ile kwenye kamera aliiweka nani?" Mama Ignas akauliza, taratibu sana.

Jilala akatazama mkono wake wa kushoto. Pale ilikuwa saa yake ya mshale, ile aliyojinunulia siku shimo la Geita lilipotoa dhahabu, na kama wazee wengi alikuwa ameitega Kiswahili: jua likichomoza, mshale uko kwenye kumi na mbili; saa tatu asubuhi, mshale uko kwenye tatu. Siku ile simu aliiacha dukani inachajiwa. Kamera ikamuuliza saa, akatazama mkono, akaandika alichokiona.

Akahesabu kwa vidole. Kamera ilikuwa nyuma kwa saa sita. Basi fisi hakupita saa tano na dakika hamsini usiku, alipita alfajiri akirudi pangoni. Na Bibi Sesilia hakusimama pale saa sita na dakika kumi usiku. Alisimama saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, kabla kweupe hakujaingia kichakani, saa ambayo vibibi vyote vya Mwamigagani vimeshaamka.

"Mungu wangu," akasema.

"Na kamera iliuliza saa kwa nini?" mkewe hakumwacha. "Noela si alizitega zote?"

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Kamera inauliza saa ikiwa tu betri zimetolewa. Na betri zilitolewa kwa sababu Jumamosi ilikuwa mechi ya watani wa jadi, na redio ya Jilala ilikuwa haina betri, na kamera namba saba ilikuwa nazo nane, mpya, zimekaa tu. Akaziazima. Jumatatu akazirudisha.

Akampigia Noela, akamweleza nusu. Noela akamaliza nusu nyingine mwenyewe.

"Ulitoa betri, Baba Ignas?"

"Niliziazima."

"Na picha ya mtu ukaionyesha?"

"Kwa mtu mmoja tu."

"Naondoka sasa hivi na polisi nawapigia nikiwa njiani. Lakini ni saa mbili za barabara, na mvua imenyesha. Waambie wewe. Waambie sasa hivi, tafadhali, unanisikia?"

Alimsikia. Lakini alikuwa anasikia na mambo mengine. Mwizi wa mali ya kijiji, kwa sungusungu, anachapwa hadharani na kutengwa: hapewi moto, hauziwi chumvi, haitikiwi salamu, akifiwa anazika mwenyewe. Na wale vijana walikuwa wamekwisha kunoa hamu yao. Wakiambiwa mchawi hayupo, wangetafuta mtu mwingine wa kuimalizia. Akaketi. Akasema labda amngoje Noela, mtu mwenye kompyuta anaaminika zaidi. Mama Ignas alimtazama tu, ungo mapajani.

Ndipo mwano ukapigwa upande wa nyumba ya bibi, ule ukelele wa kuitana, saa tisa ya mchana kweupe.

Jilala hakukumbuka kusimama. Alijikuta anakimbia, ndala moja mguuni, simu mkononi.

*

Walikuwa ishirini, labda zaidi. Mmoja alikuwa na chupa ya maji ya kunywa, ila ndani yake kulikuwa na kitu cha njano, na harufu ya petroli ilimfikia Jilala kabla hajafika. Nyumba ya bibi ilikuwa ya nyasi. Mlango umefungwa, na kutoka ndani ilisikika sauti nyembamba ikisali rozari, inakatika, inaanza upya. Kamanda Maduhu alikuwepo. Alikuwa amesimama kando ya uzio wa minyaa, mgongo kawapa watu, kama mtu anayejisaidia haja ndogo isiyoisha.

"Ngojeni!" Jilala akapiga kelele. "Picha ni ya uongo! Mimi ndiye niliyeiharibu!"

"Jilala na hadithi zake," mmoja akasema.

"Leo umechelewa, babu. Tutacheka kesho."

Hilo ndilo lililomtisha kuliko petroli. Miaka ishirini ya kuwachekesha, na sasa hakuna neno lake hata moja lililokuwa na uzito. Akasukuma watu, akapita katikati, akasimama mgongo mlangoni.

"Nimeiba!" akasema. "Nimeiba betri za kamera nikasikilizie mpira! Nipigeni!"

Rungu moja likashushwa. Uongo wa Jilala siku zote ulikuwa wa kumsifu Jilala. Huu ulikuwa mpya.

"Kamanda! Geuka. Mzee Maduhu, nakuomba kwa heshima ya baba yangu, geuka utazame."

Maduhu hakugeuka. Rozari ndani ikakatika. Halafu, polepole, kama mlango wenye kutu, mzee akageuka.

Jilala alimpa picha. "Huyu ni nani?"

"Ni wewe."

"Jua lipo?"

"Lipo."

"Chini pameandikwa saa ngapi?"

Maduhu akaisogeza simu mbali na macho. "Saa tisa usiku." Akakunja uso. "Jua gani hili la saa tisa usiku?"

Jilala akanyoosha mkono wa kushoto. "Sasa isome saa yangu, halafu isome simu."

Mzee akasoma moja, akasoma nyingine, akatazama jua lenyewe angani kana kwamba nalo lilikuwa shahidi wa kuhojiwa. Jilala akaeleza. Akaeleza vibaya, anarukaruka, anarudi nyuma, betri, mpira, mshale, saa sita za kupunguza, mpaka mwisho kijana mmoja mwenye rungu akasema, "Babu yangu naye saa yake iko hivyo hivyo," na wawili wakacheka bila kupenda.

"Amehongwa!" Benjamini akafoka. Machozi yalikuwa yanamshuka. "Hata kama ni asubuhi! Mbona alikataa? Mbona alisema hajakanyaga ngitili?"

Swali lilikuwa la haki. Mwenye chupa akafungua kifuniko.

Jilala akageukia mlango, akaweka mdomo kwenye ufa. "Bibi. Ni mimi, Jilala. Sema uliingia."

"Sikuingia," sauti ikajibu.

"Bibi, wameona picha. Sema uliingia alfajiri."

"Watanitoza mbuzi, ng'wanawane, mwanangu. Sina mbuzi."

Bibi alikuwa anataka kufa kwa kuogopa faini. "Nitatoa mimi huyo mbuzi! Sema ulifuata nini!"

Nzi walisikika. Kisha kamba ya kufungia mlango ikafunguliwa, mlango ukapata upenyo, na mkono mkavu ukatoa kikapu nje, kwanza kikapu, kama mtu anayetanguliza mtoto. Ndani mlikuwa na uyoga, ule mkubwa wa kichuguu, umekatwa vipande vya kuanika, na mmoja mzima juu yake, mweupe, wa mviringo, sawa na kichwa cha mtoto.

"Niliingia," Bibi Sesilia akasema. "Mvua ilinyesha. Nikasema niwahi kabla wengine hawajaamka. Nisameheni, sitarudia."

Maduhu aliupokea ule uyoga mzima kwa mikono miwili. Akamwonyesha Benjamini. Benjamini aliutazama, akautazama, kisha akakaa chini palepale kwenye vumbi na kujifunika uso. Mwenye chupa aliifunga na kuitia kwenye suruali, na vijana wakaanza kuondoka mmoja mmoja, bila kuagana.

*

Jilala alichapwa viboko kumi na viwili mbele ya ghala, akatoa mbuzi wa faini ya bibi na wa faini yake, ndipo akasamehewa kutengwa. Noela aliichukua kamera namba saba na kazi ikamponyoka. Polisi walikuja, wakaandika, wakaondoka. Katika simu za Mwamigagani picha ilifutwa kwa amri ya Kamanda, kila mtu akionyesha simu yake. Lakini Kamanda hakuwa na amri Buzwagi, wala Chato, wala kwa shemeji wa Nkome, na hakuna aliyewatumia watu wa huko maelezo ya saa ya mshale. Kwa hiyo Mama Ignas alimhamishia Bibi Sesilia nyumbani kwao, chumba cha Ignas.

Siku ya tisa, mchana, pikipiki ilisimama barabarani. Wakashuka wanaume wawili, mabuti yana matope mekundu ya machimboni. Mmoja alibeba kuku mweupe miguu juu. Mwingine alibeba begi refu, na Jilala, aliyekuwa amekaa kizingitini, hakuweza kukisia lina nini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Tunamtafuta bibi mmoja. Yule wa fisi." Kijana alitoa simu. Duara jekundu lilikuwa palepale. "Tumeambiwa ni jirani yako."

"Mnamtakia nini?"

Wakatazamana. "Mazungumzo tu, mzee."

Jilala alitazama kuku na begi. Kuku alisema walikuja kuomba bahati ya dhahabu. Begi halikusema kitu, ingawa hata panga lingeenea humo. Alijaribu kukisia kipi ni cha kweli, akashindwa, akagundua kwamba hakukuwa na tofauti.

"Mmechelewa," akasema. "Alikufa. Tumemzika juzi."

"Alikufa na nini?"

"Moto," Jilala akasema, na kijana akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyetarajia hivyo.

Ndani ya nyumba mtu akakohoa. Kikohozi kikavu, cha kibibi. Mwenye begi akainua macho mlangoni.

"Mama mkwe," Jilala akasema. "Kifua. Msimkaribie, hospitali wanasema ni kile kikohozi cha kuambukiza."

Wakasimama bado, muda wa mtu kumeza mate mara tatu. Kisha mwenye kuku akarudi nyuma hatua moja, na mwenzake naye, wakapanda pikipiki. Jilala alihesabu mpaka mlio ulipoisha nyuma ya mashamba ya pamba, akaendelea kuhesabu.

"Ng'wanawane," sauti ikaita kutoka ndani, chini chini. "Nimekufa?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi kanisani Jumapili siendi."

"Huendi."

"Na kisimani?"

Jilala alinyanyuka, akaingia, akavuta mlango nyuma yake, akaanza kupima kwa shubiri mahali pa kutia komeo la chuma.